Watoto wa Tengeru na watoto wa Ngarenanyuki

Ndugu msomaji, juzi jioni hapa Elerai nilisimama kwa bibi mmoja anayeuza mchicha na ndizi mbivu kando ya barabara. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku ameushika mkono wa mjukuu wake, mtoto wa kiume wa kama miaka saba hivi. Mara lori likapita, likaingia shimoni, na bodi lake likalia kwa kishindo. Yule mtoto alichomoka mkononi mwa bibi akaingia chini ya meza ya mchicha kama kifaranga aliyeona mwewe. Bibi wala hakushangaa. "Ndivyo alivyo tangu mwezi wa nne, mwanangu," aliniambia. "Aliona mambo kule kwao. Lakini ni mtoto, atasahau."

Sitasimulia mtoto yule aliona nini, maana hiyo ni siri ya nyumba yao. Inatosha kusema kwamba mama yake alitolewa ndani akiwa amebebwa, na baba yake yuko mikononi mwa sheria. Lililonifanya nisilale vizuri usiku ule ni neno moja tu la bibi: atasahau. Ni neno ambalo sisi sote tumelisema, msibani, hospitalini, na hata mahakamani. Tunalisema kwa huruma. Lakini je, ni kweli? Sisi wa Arusha hatuhitaji kwenda mbali kutafuta jibu, kwa kuwa limelala chini ya miti, mwendo wa daladala mbili kutoka hapa.

Ukitoka Elerai unapanda gari hadi mjini, unabadilisha, unashika barabara ya Moshi, na kabla hujachoka umefika sokoni Tengeru, ambako siku ya Jumamosi hapapitiki kwa wingi wa watu na mikungu ya ndizi. Wengi wetu huishia hapo sokoni. Lakini ukiendelea mpaka kwenye eneo la chuo cha mifugo utakuta makaburi yanayotunzwa vizuri, 149 kwa hesabu, na juu yake majina ambayo ulimi wa Mmeru wala wa Mwarusha hauyawezi kirahisi. Ni majina ya Wapolandi. Hapo Tengeru palikuwa na makazi yao wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, na wakati watu walipokuwa wengi zaidi walifikia kama 5,000. Walio wengi walikuwa wanawake na watoto. Kati ya watoto hao walikuwamo mamia ambao hawakuwa na baba wala mama.

Walifikaje chini ya Mlima Meru? Septemba 1939 nchi ya Poland ilivamiwa pande mbili, Wajerumani kutoka magharibi na Warusi wa Kisovyeti kutoka mashariki. Katika upande ulioshikwa na Warusi, kuanzia Februari 1940, familia ziligongewa milango usiku, zikapewa muda mfupi wa kufunga mizigo, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Safari ilichukua majuma kadhaa, hadi misitu ya kaskazini ya Urusi, Siberia na nyika za Kazakhstan. Mamia ya maelfu ya watu walichukuliwa namna hiyo. Baba walikata magogo kwenye theluji, mama walifanya kazi mashambani, na chakula kilipimwa kwa kazi: asiyefikisha kipimo alipunguziwa mkate. Watoto waliona wadogo zao wakifa ndani ya mabehewa na miili ikiachwa kando ya reli. Waliona mama zao wakiwapa wao mkate, kisha wakiona mama hao hao wakidhoofika mpaka hawaamki.

Mwezi Juni 1941 Hitler aliishambulia Urusi. Urusi sasa ilihitaji marafiki, na Julai ya mwaka ule ikatia sahihi mapatano na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London. Wapolandi wakaachiliwa, jeshi likaundwa chini ya Jenerali Anders, na katika mwaka 1942 watu zaidi ya 110,000, askari pamoja na raia, walivushwa Bahari ya Kaspi hadi bandari ya Pahlevi nchini Iran. Huko nako kifo kilikuwa kikiwasubiri. Palikuwa na homa ya chawa, palikuwa na kuhara, na wengine walikufa kwa shibe: matumbo yaliyozoea njaa hayakuweza kustahimili nyama ya kondoo yenye mafuta.

Waliowapokea watoto wale Iran wameeleza jambo moja ambalo naliona ni zito kuliko takwimu zote. Watoto walikuwa wakificha mkate. Walikula, wakashiba, kisha wakaweka vipande chini ya mto, ndani ya godoro, mifukoni, hata ukaota ukungu. Mtoto ameambiwa kesho kutakuwa na mkate, naye anaona kwa macho yake gunia la unga limejaa, lakini mkono wake hauamini. Je, huyo alikuwa amesahau?

Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Tanganyika kwa udhamini, ilikubali kuwapokea sehemu ya raia hao katika makoloni yake ya Afrika, na kwa jumla walifika kama 18,000 hivi. Makazi yao yalitawanyika: Masindi na Koja kule Uganda, Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro hapa kwetu, mengine Kenya, Rhodesia na Afrika Kusini. Makubwa kati ya yote yaliyokuwa Tanganyika yalikuwa Tengeru. Nyumba zilikuwa za msonge, kuta zimepakwa chokaa, paa la nyasi. Kwa mtu aliyetoka kwenye theluji ya Siberia, mlima, migomba na jua la asubuhi vilikuwa kama ndoto. Ingawa usiku, nadhani, fisi walipolia, ndoto iligeuka.

Nimejaribu kufikiri ni nini hasa walichofanyiwa watoto wale pale Tengeru. Hapakuwa na daktari wa akili kwa kila mtoto, na wala hapakuwa na hata mmoja kwa kila mia. Elimu hiyo yenyewe ilikuwa changa duniani. Walichofanya wale walimu, walezi na mapadri, ambao wengi wao walikuwa wamepitia mabehewa yale yale, ni kuanzisha siku. Nasema kuanzisha siku kwa maana yake halisi. Kengele ililia saa ile ile, uji ukaliwa saa ile ile, shule ikafunguliwa hata kabla vitabu havijapatikana. Zikawepo shule za msingi, ya sekondari, na za ufundi wa kushona na kilimo. Likawepo kanisa, hospitali, skauti, kwaya, michezo ya kuigiza. Yatima waliwekwa pamoja chini ya walezi waliojulikana kwa majina, na ndugu wa tumbo moja walishikamana kadiri ilivyowezekana. Palikuwa na bustani pia, na naamini kabisa kwamba mtoto aliyepanda kabichi akaiona inafunga alikuwa anajifunza upya kuiamini kesho.

Miaka ile ile, huko London, mwanamke mmoja aitwaye Anna Freud, binti wa yule mganga mashuhuri wa akili Sigmund Freud, alikuwa na mwenzake Dorothy Burlingham wakiendesha vituo vya kulelea watoto waliovunjiwa nyumba na mabomu ya Wajerumani. Waliwatazama watoto kwa makini na kuandika kila siku. Waligundua jambo lililowashangaza watu wengi: mtoto aliyepitia usiku wa mabomu akiwa kifuani mwa mama yake mara nyingi alikuwa na hali nafuu kuliko yule aliyepelekwa mahali salama vijijini lakini akatenganishwa na mama. Tena waliona kwamba watoto wakilelewa kama kundi kubwa, leo na huyu kesho na yule, walirudi nyuma, hata waliokwisha kusema waliacha. Basi wakawagawa katika "familia" ndogo ndogo, kila mlezi na watoto wake wachache. Mara wakaanza kulia, kugombana na kuona wivu. Wageni walidhani mambo yameharibika, kumbe ndiyo yalikuwa yanatengemaa, maana mtoto halii kwa ajili ya mtu asiyemjali.

Sina ushahidi kwamba walimu wa Tengeru waliyasoma maandishi hayo. Nadhani waliyajua kama wakulima wanavyojua mvua.

Lakini tusipake asali. Vita ilipokwisha mwaka 1945 watoto hawa hawakuwa na mahali pa kurudi. Vijiji walikozaliwa vilikuwa sasa ndani ya mipaka ya Urusi, na Poland yenyewe ilikuwa imeingia mikononi mwa Wakomunisti. Serikali mpya ya huko ilisema watoto ni raia wake, warudishwe. Baadhi yao walikuwa na ndugu waliosalia kule. Shirika la kimataifa la wakimbizi la wakati huo lilikuwa na kazi ngumu ya kuamua. Je, mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyechukuliwa na Warusi akiwa na miaka minne aambiwe arudi katika nchi iliyo chini ya kivuli cha Warusi hao hao? Na je, ni haki kumnyima shangazi aliyebaki kule mtoto wa dada yake? Mimi nakiri kwamba kila ninaposoma habari hii hubadili mawazo.

Aliyekuwa kati ya watoto na wakubwa hao wa dunia ni padri mmoja Mfransisko, Lucjan Królikowski, ambaye yeye mwenyewe alihamishwa kwa nguvu mwaka 1940, akapitia jeshi la Anders, akapata upadri, na kisha akaja Tengeru. Mwaka 1949 aliondoka Afrika na kundi la watoto na vijana wapatao 150. Walipanda meli hadi Italia, ambako maofisa wa serikali ya Poland walijaribu kuwazuia. Wakaendelea kwa treni hadi Ujerumani, kisha meli nyingine hadi Kanada. Askofu mkuu wa Montreal alikuwa amekubali kuwapokea. Serikali ya Poland ilipiga kelele hata Umoja wa Mataifa kwamba watoto wameibwa. Padri yule alibaki mlezi wao kule Kanada, akawaozesha, akawazika baadhi yao, akaandika kitabu kuhusu utoto wao ulioibwa, na alikufa mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 100.

Makazi ya Tengeru yalifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hata hivyo kwa miaka mingi baadaye wazee wa Kizungu wenye mvi, kutoka Kanada, Uingereza, Australia, wamekuwa wakirudi, wakitafuta kaburi la mama au la mdogo wao. Mtu wa miaka themanini anapanda ndege mbili kuja kupiga magoti Tengeru. Na sisi tunasema mtoto husahau.

Sasa, ndugu msomaji, nakuomba uuzunguke mlima pamoja nami, maana habari hii ina upande wa pili, nao hauna makaburi yenye majina.

Zunguka Mlima Meru mpaka upande wa kaskazini mashariki, kwenye tambarare ya Ngarenanyuki. Hapo ndipo Wameru walipokuwa wakilisha mifugo na kulima, kwenye ardhi ambayo sehemu yake waliwahi kuinunua kwa fedha zao wenyewe baada ya kunyang'anywa enzi za Wajerumani. Serikali ya Kiingereza iliamua kwamba eneo lile liwe la mashamba ya mifugo ya Wazungu. Wameru walikataa. Novemba 1951 wakaletwa askari. Watu karibu 3,000 walitolewa, vitu vikatolewa nje, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Walielekezwa Kingori, mahali ambapo hawakupataka, na wengi hawakwenda. Walijisitiri kwa ndugu zao mlimani.

Tazama tarehe hizo. Mwaka 1949 yatima wa mwisho wa padri yule wanaondoka Tengeru. Mwaka 1951 Ngarenanyuki inaungua. Ni mlima mmoja na serikali moja, na yumkini hata maofisa wengine ni wale wale. Watoto waliotolewa kwenye mabehewa ya Siberia walijengewa nyumba, shule, hospitali na bustani, na ilikuwa haki yao kabisa, Mungu awarehemu wafadhili wao. Nyumba zile za msonge zilijengwa kwa mikono ya watu wa hapa hapa. Watoto wa watu wa hapa hapa wakaona paa la mama yao linawaka, na aliyewasha ni serikali.

Tunajua mengi kuhusu mashtaka yaliyofuata. Wameru walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa kule New York mwaka 1952, pamoja na mwanasheria wao Earle Seaton kutoka kisiwa cha Bermuda. Mtanganyika akasimama mbele ya dunia akaeleza jinsi nyumba zilivyochomwa. Katika mkutano mkuu azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura, lakini moto wa siasa uliowashwa pale haukuzimika mpaka 9 Desemba 1961. Hayo yamo vitabuni na watoto wa shule huyafanyia mitihani.

Lakini nani aliandika habari za watoto wa usiku ule? Nani aliwauliza waliota nini? Mtoto wa Ngarenanyuki wa miaka saba mwaka 1951, kama yu hai leo, amekwisha kuvuka themanini, sawa na wale wazee wanaokuja na ndege. Yeye hahitaji ndege. Pengine yuko Tengeru sokoni Jumamosi, anauza parachichi. Nimewahi kuzungumza na wazee wa upande ule na nimeona jinsi wanavyosimulia: mpaka, hati, namba ya shamba, jina la ofisa. Ukifika kwenye moto wenyewe mzee hunyamaza, hutazama pembeni, hukuuliza kama umekunywa chai.

Isije ikadhaniwa nasema watoto wale hawakuwa na msaada wowote. Walikuwa nao. Walikuwa na mabibi, wajomba, kanisa, ukoo uliogawana nao ugali na kitoro. Tena walikuwa na kitu ambacho yatima wa Kipolandi hawakuwa nacho: walibaki kwao, wakisikia lugha yao, na wakaona wakubwa wao wakipigania haki mpaka upande wa pili wa dunia. Mtoto anayemwona baba yake akichanga shilingi kumtuma mtu New York hajifunzi kwamba sisi si kitu. Nadhani hilo nalo ni dawa, japo haliandikwi kwenye cheti cha hospitali.

Baadaye zamu ikatugeukia sisi kuwa wenyeji. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia wilaya ya Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji kwa siku chache. Katika eneo lote la Maziwa Makuu watoto zaidi ya 100,000 walikuwa wamepotezana na wazazi wao. Hapo kazi kubwa ilifanyika ambayo sifa zake hazijasemwa vya kutosha. Msalaba Mwekundu na mashirika mengine waliandikisha mtoto mmoja mmoja, jina, kijiji, jina la mama, alama ya mwili. Walipiga picha, wakazibandika kwenye mbao kambini, na watu wakapita mbele ya picha zile wakitafuta sura ya mtoto wao. Makumi ya maelfu walirudishwa kwa watu wao. Mtoto mdogo asiyejua jina la kijiji aliulizwa: kwenu kulikuwa na mto? kulikuwa na kanisa? mama alikuwa anaitwaje na jirani?

Mwaka 1995 shirika la UNICEF lilipima hali ya watoto 3,030 ndani ya Rwanda. Karibu wanane katika kila kumi walikuwa wamefiwa na mtu wa familia. Tisa katika kila kumi walikuwa wameamini kwamba wao nao watakufa. Wanyarwanda wana neno lao, ihahamuka, wanalolitumia kwa hali inayompata mtu pale mambo ya zamani yanaporudi kwa ghafla na kumkaba pumzi. Sisi tuna kiwewe. Ni neno zuri na la zamani, lakini tunalitumia kama mzaha, kwa mtu aliyechanganyikiwa na foleni ya benki.

Na wote tunakumbuka kwamba mahakama ya kuwahukumu wahusika wa mauaji yale ilikaa hapa Arusha, kwenye jengo la AICC, tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Arusha ilifaidi. Kodi za nyumba zilipanda, teksi zilipata abiria, mahoteli yalijaa. Ndani ya kumbi zile, nyuma ya mapazia, walikaa mashahidi wasiotajwa majina wakieleza mambo waliyoyaona wakiwa bado vijana, wengine watoto. Kwa miaka karibu 20 mji wetu ulikuwa mahali ambapo waliofanyiwa ukatili walisikilizwa kwa makini, neno kwa neno, na kila neno likaandikwa. Nje ya geti, maisha yetu yaliendelea kwa desturi yetu ya atasahau.

Maana ukatili wenyewe hauhitaji kuvuka mpaka. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima hapa Tanzania, na matokeo yakatangazwa 2011. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au mijeledi, na waliotajwa sana ni wazazi na walimu. Wengi wa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia hawakumwambia mtu. Mwaka huo huo wa 2009 Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto. Polisi wana madawati ya jinsia na watoto, iko simu ya bure namba 116 kwa ajili ya mtoto au mtu anayemwombea mtoto msaada, na wako maofisa ustawi wa jamii, ingawa si kila kata inaye wake.

Nilirudi kwa yule bibi siku ya pili. Safari hii sikumpelekea sheria, nilimpelekea habari ya watoto wa mkate. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyu wangu haufichi mkate. Anaficha visu." Kila kisu cha jikoni alikuwa anakikuta juu ya dari au ndani ya gunia la mkaa. Alikuwa amemchapa mara mbili kwa utundu huo. Aliposikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani, bibi aliketi juu ya ndoo akashika shavu.

Tukazungumza sana jioni ile. Nilimwambia ninayoyajua kutoka kwa wanaoyafanya kazi. Kwamba mtoto anayekojoa kitandani au kuruka ruka usingizini asichapwe wala kuchekwa. Kwamba asilazimishwe kusimulia, lakini akianza mwenyewe asinyamazishwe, hata kama maneno yanamchoma msikilizaji. Kwamba aambiwe ukweli kuhusu mama yake kwa kiasi cha umri wake, maana mtoto asiyeambiwa hujitungia, na anayoyatunga huwa mabaya zaidi, na mara nyingi hujitia yeye hatiani. Kwamba asitolewe shule. Kwamba hali ikipita mwezi mmoja bila nafuu ni jambo la hospitali. Kwa mtoto huyu mwezi umekwisha kupita zamani.

Bibi aliuliza kama kuna dawa kweli, au ni maneno tu. Nikamweleza kwamba jirani zetu wa Moshi, pamoja na Bungoma kule Kenya, walifanya majaribio kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliowasaidia hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, wakakutana na watoto kwa majuma 12, pamoja na walezi wao. Katika sehemu tatu kati ya nne watoto walipata nafuu iliyowazidi wenzao. Kwa hiyo si maneno tu, japo maneno yamo. Na mlezi alikuwemo; hawakumchukua mtoto wakamwacha bibi nje.

Amekwenda ofisi ya kata. Ameambiwa arudi Jumanne. Wakati wa kusubiri wameafikiana, bibi na mjukuu, kuhusu vile visu: vinakaa kwenye boksi la bati lenye kufuli, na bibi akitaka kukata mboga anamwita. Ufunguo anao mtoto, kwenye kamba, shingoni.